Mchanga wa Kwanza Ulimwagwa na Nani?

Agosti 2025, huko Nigeria, Alaafin, yaani mfalme wa Oyo, alimpa Ooni, mfalme wa Ife, saa 48 afute cheo alichomtunukia mfanyabiashara mmoja. Hoja yake ilikuwa kwamba cheo chenye kubeba jina la nchi nzima ya Wayoruba hakitolewi na mwingine ila Alaafin. Habari ilipoenea, wengi walicheka: wafalme wawili wasio na jeshi wala kodi wanatunishiana misuli magazetini. Mwezi huohuo, tarehe 20, ikaadhimishwa Siku ya Isese, siku ya dini za jadi ambayo mwaka 2023 majimbo ya Lagos, Ogun, Oyo na Osun yaliitangaza kuwa ya mapumziko. Kama kawaida ya siku hizi, simulizi za uumbaji za Wayoruba hupambwa na kusambazwa mithili ya kitabu cha Mwanzo kilichobadilishwa majina tu. Ugomvi wa cheo uliwekwa kwenye kapu la siasa, simulizi kwenye kapu la utamaduni, na kila kapu likafunikwa.

Kapu ni moja. Simulizi nyingi za uumbaji za Afrika Magharibi zilitungwa na kutunzwa ili kujibu nani ana haki ya ardhi, nani akae kitini na nani afanye kazi gani. Swali la dunia ilitoka wapi hujibiwa humohumo, njiani. Anayezilinganisha bila kuuliza nani alikuwa akisimulia, na nani alikuwa akisikiliza, analinganisha maganda na kuacha kokwa.

Tuanze na simulizi ya Ife, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana na kusomwa vibaya sana. Hapo mwanzo kulikuwa na mbingu juu na maji chini. Olodumare, Mungu Mkuu, akamtuma mungu Obatala ashuke kwa mnyororo akiwa na kombe la konokono lililojaa mchanga na kuku mwenye vidole vitano. Njiani Obatala akakuta tembo la mchikichi, akanywa, akalala. Mwenzake, Oduduwa, akachukua vifaa, akashuka yeye, akamwaga mchanga juu ya maji na kumwachia kuku. Kuku akachakura, mchanga ukatawanyika huku na huku mpaka ukawa nchi. Kuku wa kawaida ana vidole vinne. Huyu ameongezewa kimoja kwa sababu ya kazi aliyonayo. Kisha akapelekwa kinyonga kukagua, yule asiyeuweka uzito wake mahali kabla ya kupajaribu mara mbili tatu. Jina la Ife lenyewe huhusishwa na kitenzi cha kupanuka. Obatala alipozinduka, nchi ilikuwa imekwisha patikana, akapewa kazi ya kufinyanga miili ya watu. Ndiyo maana waumini wake hadi leo hawanywi tembo la mchikichi.

Sasa sikiliza ikisimuliwa na upande wa Obatala. Katika riwaya nyingine mashuhuri, yaani namna nyingine ya kukisimulia kisa hicho, hakuna ulevi wala kunyang'anywa. Obatala mwenyewe anamaliza kazi kwa siku nne, na ya tano inakuwa ya ibada, sawasawa na juma la Kiyoruba ambalo lina siku nne lakini huhesabiwa tano kwa kuchukua ncha zote mbili. Riwaya hizi mbili hazitofautiani kwa sababu ya wazee kusahau. Oduduwa ndiye babu wa nasaba za wafalme, na wanahistoria wengi wanaona katika kisa cha tembo kumbukumbu ya kundi moja kumpokonya mwenyeji mamlaka. Usingizi wa Obatala ni hoja ya wakili: aliyekabidhiwa kazi alilala, kwa hiyo aliyeifanya ndiye mwenye haki. Mshindi alijipatia kiti, lakini hakuweza kumfuta aliyeshindwa, akamwachia kazi kubwa kuliko yake. Mkataba wa namna hiyo ukiandikwa na wanasheria utajaza kurasa hamsini. Ife waliumaliza kwa kibuyu cha tembo.

Oyo nao wana kuku wao. Samuel Johnson, kasisi Myoruba aliyetumikia Oyo, alimaliza kuandika historia ya watu wake mwaka 1897. Mswada ukapotea, nduguye akauandika upya, kikachapishwa 1921. Humo anayeshika vifaa ni Oranyan, mdogo kuliko wenzake katika kizazi cha Oduduwa. Urithi wake ni vipande 21 vya chuma, jogoo, na kitambaa cheusi chenye udongo ndani. Wanakwenda, mbele yao maji matupu. Kitambaa kinafunguliwa, udongo unamwagika, jogoo anauchakura, nchi inatokea, na kaka zake sasa hawana budi kumwomba yeye mahali pa kukaa. Hapo ndipo unapotoka msemo wa Oyo kwamba Alaafin ndiye mwenye ardhi. Udongo uleule, ndege yuleyule, maji yaleyale. Kilichobadilika ni mkono ulioshika. Oyo ilikuwa dola yenye wapanda farasi, na ilihitaji kueleza kwa nini mji mchanga kuliko Ife uwe mkubwa kuliko Ife. Kwa hiyo anayeuliza leo Alaafin anapata wapi ujasiri wa kumpa Ooni saa 48, jibu liko ndani ya kile kitambaa cheusi.

Ukivuka mto Niger kwenda mashariki, kwa Waigbo wa Nri, unakuta tatizo lilelile likitatuliwa na fundi mwingine. Chukwu, Mungu Mkuu wao, alimshusha Eri, babu wa watu wa Nri, akakuta nchi yote ni tope, akabaki amesimama juu ya kichuguu. Akalalamika. Chukwu akamtuma mhunzi wa Awka na mivukuto yake na moto wa makaa, akaikausha ardhi. Eri alipokufa, chakula kilichokuwa kikishuka toka mbinguni kikakoma, na mwanawe Nri akaambiwa amtoe mtoto wake wa kwanza wa kiume na wa kike, awazike mbalimbali. Baada ya izu tatu, yaani majuma matatu ya siku nne nne, siku 12, kaburi la mvulana likaota kiazi kikuu na la msichana likaota magimbi. Hata leo katika mashamba ya Kiigbo kiazi kikuu huhesabiwa zao la wanaume na magimbi zao la wanawake.

Tazama nani wametajwa kwa jina: Nri na Awka. Makuhani wa Nri walikuwa wakizunguka vijiji vya watu wengine bila silaha, wakisafisha miiko iliyovunjwa juu ya ardhi na kuwavika watu cheo cha heshima kiitwacho ozo. Wahunzi wa Awka nao walitembea nchi nzima na vifaa vyao wakifua chuma. Makundi mawili ya wasafiri yaliyohitaji kupita salama katika nchi isiyo na mfalme mmoja, na yote mawili yanakutwa yamesimama kwenye tope la kwanza. Simulizi ilikuwa pasi yao ya kusafiria. Ukiiweka kwenye jedwali pamoja na ile ya Ife chini ya kichwa "maji ya mwanzo", utakuwa umesema kweli, na hutakuwa umesema kitu.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Abomey, mji mkuu wa ufalme wa Dahomey, katika Benin ya sasa. Vitabu vingi vinasema Wafon, watu wa ufalme huo, waliamini tangu zamani katika jozi ya Mawu na Lisa: Mawu mwanamke, mwezi, usiku, ubaridi, Lisa mwanamume, jua, mchana, joto na kazi, na alama yake ni kinyonga. Nyoka Aido-Hwedo alimbeba muumba kinywani, na walipolala palibaki kinyesi cha nyoka kilichogeuka milima. Kisha akajikunja chini ya dunia kuibeba, akilishwa chuma, na siku chuma kitakapokwisha atatafuna mkia wake na dunia itatumbukia baharini. Simulizi tamu. Lakini wataalamu wa historia ya Dahomey wamefuatilia jinsi jozi hiyo ilivyopandishwa juu ya miungu mingine mjini Abomey, wakafika katikati ya karne ya 18, kwa Hwanjile, mwanamke aliyeshika cheo cha mama wa ufalme chini ya mfalme Tegbesu. Ndiye aliyeleta ibada hizo kutoka upande wa Aja, wakati kasri limetoka katika misukosuko ya urithi. Ufalme uliokaliwa na mwanamume na mwanamke kwa vyeo viwili ukapata mbinguni mwanamume na mwanamke. Hiyo haina maana kwamba Hwanjile alimtunga Lisa. Jina hilo lilikuwako zamani: katekisimu iliyochapishwa 1658 kwa lugha ya Allada, jirani na pale, ilikwisha kulitumia kumtafsiri Yesu. Matofali yalikuwako, aliyepanga ukuta ana jina na zama zake.

Hapa kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita haraka. Mtu atasema: unaigeuza imani kuwa propaganda ya ikulu. Muumini wa Obatala anayevaa nyeupe na kuacha tembo hafanyi hivyo kwa ajili ya nasaba za karne ya 12. Ni kweli, na zaidi ya hapo, ziko simulizi zisizo na mfalme ndani. Waakan wa Ghana husimulia kwamba Nyame, Mungu wao, alikaa karibu na watu mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akitwanga fufu akawa anamgonga kwa mchi kila anapouinua. Nyame akachoka, akapanda juu. Yule mama akawaambia wanawe wakusanye vinu, wavipange kimoja juu ya kingine wamfikie. Kikapungua kimoja. Akaamuru kitolewe cha chini kiwekwe juu, na mnara wote ukaporomoka. Hiyo haimtetei mtu. Ni ya jikoni, na uzito wake uko palepale.

Tena kuna tabaka ambalo siasa haifiki, nalo ni la karakana. Dini zilizokulia kwenye kitabu zina Mungu anayesema na vitu vikawa. Afrika Magharibi muumba ana mikono, na kazi ya mikono huharibika. Kwa Wayoruba, mwili ukishafinyangwa na Obatala, mtu huenda kwa Ajala, mfinyanzi wa vichwa, achague kichwa chake, ambacho ndicho bahati yake. Ajala ni fundi stadi lakini ana madeni na si mwangalifu. Vichwa vingine havikuiva motoni, vingine vina nyufa, na vyote kwa nje vinafanana. Mtu anachagua, anashuka duniani, mvua inamnyeshea, na kichwa kibichi kinaanza kumomonyoka. Mfinyanzi yeyote anajua habari hii: chungu kilichoingia motoni na unyevu hupasuka, na ambacho moto haukukifikia vya kutosha kitarudi kuwa tope siku ya kwanza utakapokitia maji. Swali la kwa nini mwenye bidii anashindwa limejibiwa kwa lugha ya tanuri. Waijo wa delta ya Niger wana Woyengi, anayefinyanga watu kwa udongo na kumwachia kila mmoja achague awe mwanamume au mwanamke na aishi maisha gani. Fikra ni jamaa moja, ila kosa limehama: kwa Waijo analo mchaguaji, kwa Wayoruba nusu yake analo fundi.

Sisi wa Kiswahili tuna msaada mdogo hapa ambao hatuutumii. Kitenzi chetu cha kuumba ni cha udongo kabla hakijawa cha Mungu. Mfinyanzi huumba chungu. Lugha nyingine hazikuwa na nafasi hiyo. Okot p'Bitek wa Uganda alieleza jinsi mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi nani aliwaumba. Kwa kuwa lugha haikuwa na neno la namna hiyo, swali likatoka: nani aliwafinyanga? Wazee wakajibu kwamba watu huzaliwa. Walipobanwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu akishikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo husemwa amefinyangwa na Rubanga, roho inayoleta kibiongo, na hivyo Rubanga akaingia katekisimu kuwa Mungu Muumba. Wayoruba nao walipitia mlango huohuo upande wa pili: Biblia yao ilimfanya Eshu, mjumbe wa njia panda, kuwa Shetani, na simulizi nyingi za leo humwingiza mwenye pembe ambaye hakuwapo. (Obatala, kwa Wayoruba, ndiye mlinzi wa wenye kibiongo na wenye ualbino, nao huitwa watu wake. Inafanana na Rubanga, na sioni sababu ya kudai undugu.)

Nimeanza na pingamizi zito. Sasa hoja nyepesi, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa mitandaoni: kwamba Wadogon wa Mali walijua siri za nyota zisizoonekana kwa macho, kwa hiyo uumbaji wao una elimu iliyoletwa na wageni wa angani au na Misri. Chimbuko lake ni mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Griaule, aliyefika kwa Wadogon mwaka 1931 na mwaka 1946 akakaa siku 33 na mzee kipofu, Ogotemmêli. Alichopata pale ni cha thamani. Amma, muumba wao, alitengeneza jua kama chungu kilichochomwa mpaka kikawa cheupe kwa moto, kikazungushwa koili ya shaba nyekundu mara nane. Mhunzi wa kwanza alishuka akiwa juu ya ghala, chini duara ya mikono 20, juu mraba wa mikono minane, na alipotua viungo vyake laini vikavunjika. Ndipo binadamu akapata viwiko na magoti, maana bila hivyo hakuna kushika jembe wala nyundo. Lakini baadaye Griaule na mtafiti mwenzake Germaine Dieterlen wakaandika kwamba Wadogon wanajua nyota ya Sirius ina mwenzake mdogo, mzito mno, aitwaye kwa jina la punje ya fonio, nafaka ndogo sana, anayeizunguka kila miaka 50.

Huyo mwenzake hakuna jicho tupu linaloweza kumwona. Alionekana kwa darubini mara ya kwanza 1862, na uzito wake wa ajabu ulikuwa gumzo la magazeti ya Ulaya katika miaka ya 1920, kabla Griaule hajafunga safari. Mwanaanthropolojia Walter van Beek, aliyekaa na Wadogon miaka mingi, alichapisha 1991 kwamba hakumpata anayeijua habari hiyo kama jadi. Waliokuwa wasaidizi wa Griaule walibishana ni nyota gani hasa, na wakakubaliana kwamba waliisikia kwake. Watetezi husema ilikuwa siri ya wachache. Siri ya namna hiyo ingeacha alama katika ibada, na sherehe kubwa ya Wadogon, Sigui, huja kila miaka 60, si 50. Ya mwisho ilianza 1967, inayofuata inategemewa 2027, na naweza kutabiri aina ya video zitakazotufikia. Ubaya wa hoja ya nyota si uongo wake tu. Inamwondolea mzee kipofu alichokisema kweli, lile jua la chungu na zile fundo za viwiko, ili impe sifa ya kitu kilichotoka kwenye gazeti la mgeni wake.

Kuazimana kupo, na hakuhitaji chombo cha angani. Fa, uaguzi wa Dahomey, ni Ifa ya Wayoruba yenye alama zilezile 256, ilihamia magharibi. Na Dahomey ililipa ushuru kwa Oyo kuanzia karne ya 18 hadi miaka ya 1820, kwa hiyo njia ya kupita inajulikana. Hata tarehe husomeka. Wakono wa Guinea wana simulizi ya Alatangana aliyetorosha binti wa Sa, yaani Kifo, wakazaa watoto 14, wengine weupe wengine weusi, wenye lugha tofauti. Weupe wakapewa karatasi na wino, weusi wakapewa jembe, panga na shoka. Karatasi na wino vinakuambia ilipita mikononi mwa nani kabla ya kuandikwa. Anayeitupa kwa kuwa imechanganyika anatupa ushuhuda wa watu waliokaa chini wakatafuta sababu ya ukoloni ndani ya familia moja.

Yanayofuata kutoka hapa ni ya vitendo. Mwalimu au mtunga mitaala anayetaka sura moja ya "uumbaji wa Kiafrika" asiunganishe Amma, Chukwu na Olodumare kwa gundi. Achukue simulizi moja katika riwaya mbili zinazopingana, Ife na Oyo ndizo rahisi kupata, awape wanafunzi waorodheshe vifaa, aliyevishika, kosa lililotokea na aliyefaidika, kisha ndipo avuke mpaka kwenda Nri. Benin, ambayo tangu 2024 imeipanua sikukuu yake ya Vodun, dini ya jadi, ya Januari kuwa tamasha kubwa mjini Ouidah, itashawishika kuwapa watalii riwaya moja safi ya Mawu na Lisa. Ingefanya vizuri kumtaja Hwanjile. Na majimbo yanayopumzika Agosti 20 yajue kwamba riwaya yoyote itakayosomwa jukwaani mbele ya gavana itakuwa na upande.

Huko Kangaba, kusini-magharibi mwa Mali, kuna nyumba ya mduara iitwayo Kamablon. Kila miaka saba vijana hulisimamisha upya paa lake la nyasi, na UNESCO iliiweka sherehe hiyo katika orodha yake mwaka 2009. Usiku magrioti, yaani wasimulizi wa jadi, wa kijiji cha Kela huingia ndani na kukariri asili ya koo za Mande, mlango umefungwa, vinasa sauti vimekatazwa. Watafiti, wageni na kamera hukaa nje kwenye vumbi, wakisubiri kukuche.